Beki wa Kushoto Aliyevushwa Daraja

Nyinyi mliobaki katika chumba cha kumbukumbu za michezo mmenitaka niandike nilivyoifanya kazi ile, na nimekubali kwa sababu siku hizi asubuhi sina la kufanya ila kumfundisha mke wangu namna ya kupanga kabati lake, na yeye ameshachoka. Nitaanza na tumbo. Muda wote niliokaa kazini, tumbo langu liliuma saa moja kabla ya matangazo. Nilikunywa tangawizi, nikanywa zaatari, nikaenda kwa daktari akanipima na kuniambia mzima. Daktari hakujua kwamba kila alichosema mtangazaji mbele ya watu kilitoka katika kadi niliyoiandika mimi, na kadi ikishasomwa hewani hairudi.

Siku ya kwanza nilifika kituo cha televisheni cha Al Khuwair nimevaa kanzu mpya na kilemba kilichonibana kichwa. Nilidhani nitaoneshwa studio. Nikapelekwa chumba kisicho na dirisha, chenye makabati ya chuma na meza mbili, na kwenye meza moja amekaa mama wa makamo anashona kofia. Huyo ndiye Bi Thuwaiba, mkuu wa kumbukumbu, mzaliwa wa Unguja aliyeletwa Maskati na baba yake akiwa msichana. Hakuwahi kutazama mechi hata moja mpaka mwisho.

"Watu ishirini na mbili wanakifukuza kitu kimoja, na wakikipata wanakipiga teke," aliniambia. "Mie hayo hayanihusu. Nnalolitaka mie ni jina, mwaka, na nani kasema. Haya, kaa hapo uandike kadi yako."

"Yangu mimi, Bibi?"

"Kwani wewe huna jina?"

Nikaandika Mbarouk bin Said bin Mbarouk, na tarehe ya kuzaliwa. Akauliza nani kasema. Nikasema mama. Akamtaka shahidi wa pili. Hapo nikakumbuka kwamba baba alikuwa akibishana na mama maisha yake yote, akisema nilizaliwa mwaka wa nyuma yake, mwezi uleule. Bi Thuwaiba akachukua penseli nyekundu akatia alama ya kuuliza pembeni ya tarehe yangu. Alama ile ipo mpaka leo. Nimestaafu kwa tarehe isiyokuwa na shahidi wa pili na hakuna aliyelalamika.

Sheria yake ilikuwa hiyo tu. Jambo lenye mashahidi wawili liliandikwa kwa wino wa buluu. Jambo lenye shahidi mmoja lilitiwa alama nyekundu, na penye nyekundu pasisomwe hewani, hata mtangazaji apige magoti. Zana zetu zilikuwa kadi ngumu, gundi, wembe, na mkasi wa kukatia nguo alioutoa nyumbani kwake. Magazeti ya Kiingereza nilikuwa nikiwekewa na duka moja la Ruwi karibu na kituo cha mabasi, yaliyoachwa ndegeni na abiria. Mengine yalitoka kwa binamu yake Bi Thuwaiba aliyehamia Uingereza, ambaye alikuwa akitutumia biskuti zilizofungwa kwa kurasa za michezo. Biskuti tulizila siku ileile. Kurasa tulizinyoosha kwa pasi.

Droo iliyopendwa kuliko zote ilikuwa ya waliovuka daraja. Kuna mji mmoja kaskazini ya Uingereza uliokatwa kati na mto, na kila upande wa mto una klabu yake ya ligi. Majina ya klabu hizo yalitutaabisha ulimi, basi sisi wenye asili ya Unguja tukaziita Mjini na Ng'ambo, kama pande mbili za mji wa kwetu, na jina likashika mpaka kwa wasioijua Unguja. Wachezaji waliowahi kuzichezea zote mbili walikuwa wachache, na walilipia. Mmoja alivunjiwa madirisha yote ya mbele. Mwengine, mama yake alikataliwa mkate na mwoka mikate aliyenunua kwake tangu alipoolewa. Watazamaji wetu waliwapenda watu hao kwa kuwachukia. Hapa Maskati kuna nyumba ambazo ndugu hawatazami mechi ya Mjini na Ng'ambo chumba kimoja, na shemeji yangu mimi hadi leo hutazamia jikoni. Mimi kadi zile nilikuwa nikizisoma kwa woga, maana nilijua kwamba kumwandika mtu kuwa amevuka daraja si kumwandikia goli. Ni kumtia doa.

Sasa nije kwenye kadi yangu.

Mwaka wangu wa pili au wa tatu, katika kurasa za biskuti, nilikuta habari ya kuagwa kwa beki wa kushoto wa Mjini, Ronald Haddlesey, mtu wa klabu moja tangu utotoni. Nikamwandikia kadi. Baadaye kidogo, katika ukurasa mwengine, nikakuta orodha ya kikosi cha Ng'ambo, majina matupu bila ya maelezo, na beki wa kushoto ni Ronald Haddlesey. Tarehe za karatasi hizo zilipishana miaka miwili. Niliruka kwenye kiti. Nikaziunganisha kadi mbili nikaandika moja, nikaipeleka kwa Bi Thuwaiba nikitaraji sifa.

"Hii miaka miwili ya kati alikuwa wapi?" akauliza.

"Labda aliumia, Bibi."

"Labda ni nani? Labda si shahidi, mwanangu." Akatia alama nyekundu, akarudi kwenye kofia yake. Misimu iliyofuata, kila orodha ya Ng'ambo ilipomtaja niliongeza mwaka kwenye kadi ileile.

Halikunipitia hata kidogo kwamba wanaweza kuwa watu wawili. Mtaelewa kwa nini. Sisi jina huruka. Mimi nimepewa la babu yangu, na mwanangu amepewa la baba yangu. Mtu kumpa mwanawe wa kumzaa jina lake mwenyewe, naye yuko hai anakula wali, sikupata kulisikia. Jina lilelile, nafasi ileile, mji uleule, kwangu mimi alikuwa mtu yuleyule.

Bi Thuwaiba alistaafu, zikaja kompyuta. Nilikaa mwaka mzima nikihamisha kadi kuzitia kwenye mashine, na mashine ilikuwa na nafasi ya jina, ya klabu, ya mwaka, na haikuwa na nafasi ya penseli nyekundu. Nilipolalamika, kijana aliyeitengeneza aliniambia kwamba jambo ama lipo au halipo. Kadi zenyewe tukazitia makatoni, zikapelekwa ghala yetu ya Ruwi. Ndipo mtangazaji wetu Talib, mwenye sauti ya kufungulia milango, akanijia na fikra yake.

"Ami Mbarouk, nnataka kikosi kizima cha waliovuka. Kipa mpaka mshambuliaji. Kumi na moja, kamili."

Nikapata kumi. Beki wa kushoto hakuna. Nilimtafuta wiki nzima, na kila nilipotafuta mashine iliniletea Haddlesey, safi, bila ya doa jekundu. Nilijua alama ipo kwenye kadi. Nataka mjue kwamba nilijua, sikusahau. Nikajiambia kikosi cha watu kumi kitamwaibisha Talib, na nikampa kumi na moja. Kipindi kikapendwa, wakakirudia mara mbili. Tumbo langu liliuma siku tatu badala ya saa moja.

Miaka ikapita bila ya simu wala barua. Nikaanza kusahau, na hilo ndilo ninaloliona baya zaidi.

Msimu wa baridi uliopita, miezi michache kabla sijastaafu, Talib aliingia chumbani kwangu anang'ara. Haddlesey yuko Maskati! Amekuja kumtembelea binti yake anayesomesha shule hapa, na amekubali kuja studio saa kumi na moja jioni Alkhamisi. Talib alishaanza kutangaza kwamba atamuuliza mgeni, mbele ya watu wote, alilala vipi usiku ule aliovuka daraja. Nikasema vizuri sana. Nikenda msalani nikakaa huko muda mrefu.

Alkhamisi asubuhi gazeti likatoa picha yake. Mzee mwenye mvi na fimbo, miaka sabini na minane. Nikachukua kalamu nikahesabu. Kwa mujibu wa kadi yangu iliyomo kwenye mashine, mtu huyu alianza kuichezea Ng'ambo akiwa na miaka thelathini na minane, akaendelea kupanda na kushuka ubavu wa kushoto mpaka akafika hamsini na mmoja. Nikahesabu tena, safari hii kwa vidole. Hamsini na mmoja.

Nikakimbilia mtandao. Nikakuta ukurasa wa mpenzi mmoja wa mpira aliyeorodhesha wote waliovuka daraja, na Haddlesey yumo. Nilishusha pumzi, nikamwita mtu wa chai, nikaagiza vikombe viwili vya karaki. Kabla havijafika nikaona kwamba orodha ile ina watu kumi na mmoja tu, kwa mpango wangu uleule, na chini kabisa mwenye ukurasa amemshukuru rafiki yake wa Maskati kwa kumpatia kikosi kutoka kwenye televisheni. Shahidi wangu wa pili alikuwa ni mimi mwenyewe. Karaki ilipofika sikuweza kuinywa.

Nikampigia Bi Thuwaiba. Nilimwambia yote, hata lile la kujua.

"Yule wa miaka miwili ya kati?"

"Unamkumbuka, Bibi?"

"Mtu simkumbuki. Alama yangu nnaikumbuka." Kisha akasema, "Hebu nkwambie kitu. Mie mdogo, Unguja, palikuwa na daktari wa Kizungu, na alikuwa na mwanawe. Mama akitaka kuagiza dawa husema mpelekee fulani mkubwa, si fulani mdogo. Jina moja, baba na mtoto, wote wahai, wote wanakula meza moja. Bibi yangu akisema hawa watu hawaogopi. Wallahi, Mbarouk, huyo wako ni mtu na mwanawe."

"Nifanye nini?"

"Shahidi umeletewa mpaka mlangoni, na wewe unaniuliza mie nisiyetazama mpira? Nenda kamuulize mwenyewe. Na kadi uichukue, usende mikono mitupu."

Ilikuwa saa nane na nusu. Nikaendesha mpaka Ruwi, nikafungua makatoni kumi na tatu kabla ya kuiona, nikaitia mfuko wa kanzu. Kurudi nikaikuta barabara kuu imesimama, wafanyakazi wa wizara wote wanarudi kwao kwa wakati mmoja kama walioitwa. Nilikaa katika gari nikitazama saa na kuipapasa kadi kifuani. Nilikuwa nikiwaza mambo mawili, na moja lilikuwa la aibu. La kwanza, kwamba mzee mgeni ataambiwa hadharani kitu ambacho kwao huvunjiwa mtu madirisha. La pili, kwamba kazi yangu yote itakumbukwa kwa jioni hii moja. Sitasema lipi lilikuwa kubwa.

Nilimkuta Talib anapakwa poda. Saa ya ukutani ilibakisha dakika ishirini.

"Usimuulize," nikamwambia.

"Ami! Siku tatu nnatangaza! Watu wanasubiri hilo tu."

"Hakuvuka yeye."

"Nani kavuka, basi?"

"Hakuvuka mtu, mwanangu. Nimekosea mimi. Wawili hao, baba na mtoto, kila mmoja na klabu yake."

Talib ana sauti kubwa lakini moyo wake si mbaya. "Khalas, siulizi," akasema. "Lakini kuna jambo. Kile kikosi tumekitoa kwa Kiingereza kwenye karatasi nzuri, na jina lake, tukampa zawadi mapokezi. Anacho mkononi."

Chumba cha wageni kina makochi ya kijani na kahawa. Mzee alikuwa peke yake, fimbo katikati ya magoti, miwani imeshuka puani, anaisoma karatasi. Nilimwamkia, nikajitambulisha, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha magazeti kwamba aliyeandika jina lake pale ni mimi, na kwamba ni kosa.

"Huyu ni mwanangu," akasema, kidole kiko kwenye jina. Hakuinua kichwa.

"Nimejua leo mchana."

"Nani kakwambia?"

"Mama mmoja asiyetazama mpira."

Hakucheka. "Unajua kwetu mtu akiandikwa hivi huwa vipi?"

"Najua. Kadi zao ninazo." Nikamwomba radhi. Akaikunja karatasi mara mbili, mlango ukafunguliwa, akaitwa. Aliinuka kwa fimbo na kuingia nayo studio, na hakuniambia atafanya nini.

Nilisimama nyuma ya kioo. Talib alimuuliza kuhusu hali ya hewa, kuhusu watoto wa hapa wanavyocheza, kuhusu viatu vya zamani. Alikwepa vizuri, Mungu ampe kheri. Mkalimani alikuwa akitafsiri kwa Kiarabu, mambo yanakwenda, nami nikaanza kuamini tutatoka salama. Kisha mzee akaingiza mkono mfukoni akaitoa karatasi, akaikunjua juu ya meza.

"Hapa nimeandikwa kwamba nimechezea upande wa pili wa mto," alisema. "Sikuchezea. Aliyechezea ni mwanangu, tuna jina moja. Walimtaka akiwa na miaka kumi na minane, klabu yangu haikumtaka. Amecheza kule miaka kumi na mitatu. Kutoka mlangoni kwangu mpaka uwanja wao ni dakika kumi na tano kwa miguu, pamoja na daraja. Sikwenda hata siku moja."

Mkalimani alimaliza. Talib akauliza kwa sauti ndogo, "Na sasa?"

"Sasa ana zaidi ya miaka hamsini na hachezi tena. Hakuna cha kwenda kutazama."

Kipindi kikamalizwa kwa matangazo ya biashara. Mimi machozi yalikuwa yakinitoka na nilikuwa nimeisahau kabisa sifa yangu ya kazini, na hilo naliandika kwa sababu lilinishangaza.

Alipotoka nilimwambia karatasi ile airudishe, nitaisahihisha kwenye mashine jioni ileile.

"Sahihisha," akasema. "Ya asili iko wapi?"

Nikampa kadi. Aliitazama muda, mwandiko wangu wa ujana, miaka ya baba na miaka ya mtoto imefuatana kwenye mstari mmoja. Akaweka kidole kwenye alama nyekundu. "Hii ni nini?"

"Maana yake tulikuwa na shaka. Tulikuwa hatujapata shahidi wa pili."

"Shahidi yupo," akasema. "Anakaa upande wa pili wa mto." Akaitia kadi mfuko wa ndani wa koti.

Kadi haitoki nje ya ofisi. Hiyo nayo ilikuwa sheria ya Bi Thuwaiba, na niliivunja nikiwa nimesimama wima. Siku zilizofuata nilisubiri kuitwa juu. Nilipoitwa, niliulizwa kama ninaweza kutayarisha orodha ya makipa waliofunga magoli.

Wiki yangu ya mwisho kazini binti wa mzee alipita mapokezi akaacha bahasha. Ndani mlikuwa na kadi. Kwenye mstari wa shahidi wa pili, ambao ulikuwa mtupu kwa muda wote ule, pameandikwa kwa wino wa buluu, mwandiko nisioujua: baba yangu hakuwahi kuichezea klabu yetu. Alivuka daraja Jumapili, akakaa kwangu mpaka chakula kikaisha. Chini yake saini, Ronald Haddlesey.

Nilimpelekea Bi Thuwaiba nyumbani kwake. Niliisoma kwa sauti. Yeye aliichukua, akaisogeza dirishani, akavaa miwani.

"Jina lilelile," akasema. "Nitajuaje kama hakuandika baba mtu?"

"Bibi!"

"Mie nauliza tu." Lakini aliishikilia kadi muda mrefu, na kofia yake ikamteleza magotini asiiokote.

Kadi nimeirudisha katika droo, ya tatu kutoka juu. Kikosi cha waliovuka daraja sasa kina watu kumi, na Talib atakuombeni beki wa kushoto, maana hachoki. Msimpe mpaka mumpate wa kweli. Maneno ya wino wa buluu mimi nayaamini yote. Alama nyekundu sijaifuta.